Neno "Chotara" katika Habari za Michezo

Katika maduka ya pembejeo ya Ifakara neno chotara ni neno la sifa. Mbegu chotara ya mahindi hutazamiwa kuzaa kuliko ya kienyeji. Kuku chotara hukua upesi na hutaga sana. Mkulima wa bonde la Kilombero, ambaye mji wake una kituo cha utafiti wa mpunga kilichojulikana kwa miaka mingi kwa jina la KATRIN, hana haja ya kamusi ili aelewe maana yake: kitu kilichochanganywa na mwingine, kwa makusudi, ili kipatikane kilicho bora. Lakini jioni, aketipo katika kile kibanda cha mpira kiitwacho kwa mzaha kibanda umiza, hulisikia neno lilo hilo likitajwa kwa mtu. Hapo ndipo lipaswapo kuchunguzwa.

Mfano ulio wazi ni Yussuf Yurary Poulsen, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1994, mama yake Mdenmark na baba yake mtu wa Tanga. Baba alifariki mtoto akiwa wa miaka sita. Katika Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, mchezaji huyo alivaa jezi iliyoandikwa mgongoni jina la Yurary, kwa heshima ya marehemu baba yake. Na tarehe 16 Juni aliifungia Denmark bao la pekee dhidi ya Peru. Amwitaye chotara humfanya tokeo la mchanganyiko, kana kwamba yuko aliyechanganya. Yeye mwenyewe, kwa neno moja tu la mgongoni, alijitaja kuwa mwana wa mtu.

Neno suriama, ambalo baadhi ya watu huliona kuwa la adabu zaidi, halifai hata kidogo. Shina lake ni suria, na ndani yake mna habari ya mjakazi na bwana wake. Ni kweli kwamba kwa sheria ya pwani mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alihesabiwa kuwa huru. Hata hivyo hakuna jambo la namna hiyo kwa wazazi wawili, Mdenmark na mtu wa Tanga.

Ubaya wa chotara, basi, hauko katika tusi, maana mara nyingi hutamkwa kwa kusifu. Uko katika hesabu inayofuata: nguvu zimetoka upande huu, akili upande ule. Wala si wasemaji wa Kiswahili peke yao wahesabuo hivyo. Mwaka 2020 uchunguzi wa matangazo ya Kiingereza ya michezo 80 ya ligi nne za Ulaya ulionyesha kwamba wachezaji weupe walisifiwa zaidi kwa akili na bidii, na weusi kwa nguvu na mbio. Mwenye wazazi wa pande mbili hukatwa katikati na hesabu hiyo. Poulsen alijifunza mpira Copenhagen na Lyngby, akaenda RB Leipzig mwaka 2013 ilipokuwa katika daraja la tatu la Ujerumani, akapanda nayo hadi la kwanza. Mwendo huo hauelezwi na damu ya mtu yeyote.

Waandishi walio waangalifu huepuka maneno yote mawili na kuandika "mwenye asili ya Tanzania". Ni afadhali, ila nako kuna upungufu. Asili za mchezaji huyu ni mbili, na msemo huu huitaja ile tu ionekanayo katika ngozi yake. Hakuna gazeti liandikalo kwamba ana asili ya Denmark, ingawa mama yake ndiye aliyemlea.