Namna ya Kumkagua Silky wa Australia

Wengi wakimwona Australian Silky Terrier hukimbilia manyoya. Si ajabu, kwani ni marefu, laini, ya buluu na kahawia iliyoiva, yamegawanyika mgongoni kwa mstari ulionyooka. Lakini manyoya hayohayo ndiyo yanayoficha mbwa mbovu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hiyo mkague kwa mikono kwanza, macho yafuate.

Mbwa huyu asili yake ni Australia, hasa Sydney, wafugaji walipowapandisha Australian Terrier, mwenye manyoya magumu, na Yorkshire Terrier aliyeletwa kutoka Uingereza. Mzao mmoja uliweza kutoa watoto wa sura tatu: walioegemea kwa huyu, walioegemea kwa yule, na wa katikati. Hao wa katikati ndio walioitwa Sydney Silky. Baada ya 1932 uchanganyaji ule ukapigwa vita, na 1955 jina rasmi likawa hili la sasa. Asili hiyo ndiyo kipimo cha kwanza. Silky anayekufanya ujiulize kama si Yorkshire aliyezidi umbo bado hajatulia katika aina yake.

Mweke mezani. Pitisha kiganja kuanzia nyuma ya masikio hadi shina la mkia: mgongo uwe sawa, bila bonde wala kibyongo, na kiwiliwili kiwe kirefu kidogo kuliko kimo chake. Begani afike sentimita 23 hadi 26, uzito kama kilo 4. Ni mdogo, ila chini ya vidole ukute misuli.

Sasa shika fungu la manyoya ya ubavuni, ulisugue taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Manyoya mazuri huteleza, yana ubaridi kidogo, na ukiyaachia yanarudi kulala yenyewe. Yakikwama vidoleni na kufumka kama sufu, hapo hakuna Silky wa kusifiwa, hata angeogeshwa kwa shampuu ya bei gani. Urefu wa sentimita 13 hadi 15 unatosha kabisa. Yanayofagia sakafu ni kasoro: akisimama lazima uone mwanga chini ya tumbo, na kuanzia magotini kwenda chini miguu isiwe na manyoya marefu. Huyu ni teria, mwindaji wa panya, na Australia anajulikana hata kwa kuua nyoka. Manyoya ya kumtatiza miguu yangemponza.

Kichwani, masikio yawe madogo, yamesimama wima. Macho yawe meusi, na nywele za utosini zisiyafunike. Nyayo ziwe ndogo, za mviringo, kucha nyeusi.

Kisha mteremshe, udondoshe funguo nyuma yake. Silky mwema hugeuka papo hapo, masikio mbele, akitaka kujua kuna nini. Anayejikunyata chini ya kiti mimi simchagui, awe na manyoya ya namna gani.

Rangi iache mwisho, hasa kwa mtoto. Silky huzaliwa mweusi na kahawia, na buluu huja polepole. Viwango vya aina hii humpa hadi miezi 18. Muuzaji akikudai bei ya juu kwa mtoto wa miezi mitatu kwa sababu ya rangi yake, usilipe.