Nyundo na Daftari

Katika vitabu vingi vinavyosimulia safari za waumini kwenda kuwajengea nyumba wenye shida, mhusika mkuu ni msafiri. Tunaelezwa alivyoungua na jua, alivyojifunza kukoroga zege, na machozi yaliyomtoka siku ya kukabidhi ufunguo. Mwenye nyumba huonekana mara moja tu, pichani, akitabasamu. Ndiyo sababu nilikifungua kitabu cha Millard Fuller kiitwacho Bokotola, cha mwaka 1977, nikiwa na wasiwasi.

Fuller alikuwa mwanasheria wa Kimarekani aliyetajirika angali kijana, akagawa mali yake, na mwaka 1973 akahamia Mbandaka, katika nchi iliyoitwa Zaire siku zile, pamoja na mkewe Linda na watoto wao. Alikaa miaka mitatu. Hilo peke yake linamtofautisha na mgeni wa majuma mawili. Jina la kitabu ni jina la kiwanja walichojenga: Bokotola, yaani mtu asiyewajali wenzake. Ilikuwa ile nafasi tupu iliyotenganisha makazi ya Wazungu na ya Waafrika wakati wa Wabelgiji. Nyumba ziliposimama, mahali hapo pakaitwa Losanganya, pa kuwakutanisha watu. Mtunzi wa riwaya akibuni jambo kama hilo, tungemwambia amezidisha.

Lakini, ndugu msomaji, kiini cha mradi ule hakikuwa matofali. Kilikuwa daftari la madeni. Familia haikupewa nyumba. Iliinunua kwa mkopo usio na faida wala riba, kwa kufuata agizo la Kutoka 22:25, na ilicholipa kiliingia katika mfuko wa kumjengea jirani. Wazo hilo Fuller alitoka nalo shamba la Koinonia, jimboni Georgia, alikofanya kazi na mhubiri Clarence Jordan. Nalipenda kwa sababu moja: anayelipa deni ana haki ya kumwambia fundi kuwa mlango umepinda. Aliyepewa bure husema asante, na mlango ukabaki hivyo hivyo.

Mwaka 1976 Fuller alirudi Georgia akaanzisha Habitat for Humanity, na mwaka 1994 akatoa kitabu The Theology of the Hammer. Hoja yake ni kwamba Wakristo wasiopatana katika mafundisho wanaweza kupatana wakishika nyundo. Sipingi. Hata hivyo nyundo ni ya yule anayejenga, na ikishapewa jalada zima, daftari linasahaulika. Makanisa mengi yaliyoiga safari hizi yamechukua nyundo yakaacha mkopo. Nauli ya kijana mmoja kutoka ng'ambo ingemlipa fundi wa kijijini siku nyingi sana, naye fundi huyo amekaa pembeni akingoja mgeni amalize kupinda misumari.

Daftari nalo lina udhaifu wake. Pale ambapo thamani ya fedha inaporomoka, kama ilivyokuwa Zaire, mkopo usio na riba huyeyuka wenyewe: malipo ya miaka ya mwisho hayanunui hata bati la nyumba inayofuata. Ningekuwa mwandishi, jambo hilo ningelipa sura nzima.

Kamati ya usharika inayopanga safari ningeipa Bokotola kwanza. Halafu, kabla ya kukata tiketi, ijibu kwa maandishi ni nani kijijini atakayelishika daftari wageni wakishaondoka.