Pembeni Huhesabiwa Mara Mbili

Ukiingia saluni ya kiume Malangali, au kata nyingine yoyote ya Manispaa ya Sumbawanga, macho yanakutana kwanza na bango la mitindo lililobandikwa kando ya kioo. Vichwa vimepangwa kwa safu, kila kimoja na namba yake. Mteja ananyoosha kidole, kinyozi anawasha mashine, kazi inaanza. Shida ya bango ni kwamba vichwa vyake karibu vyote ni vya watu wenye nyuso ndefu, taya kavu na kidevu kilichochongoka. Mwenye uso wa duara akichagua namba saba hatoki na namba saba, na akijitazama kwenye kioo analaumu mashavu. Mashavu yanaonewa. Kazi iliharibikia juu ya masikio.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Chukua uzi, pima kutoka nywele zinapoanzia kwenye paji la uso hadi ncha ya kidevu. Kisha pima upana, kutoka fupa la shavu moja hadi la pili. Kwa uso mrefu vipimo hivyo viwili vinapishana sana, kwa uso wa duara vinakaribiana. Tuseme umepata sentimita 17 kwa 15. Sasa mwache mwenye uso huo na nywele za sentimita moja na nusu kichwa kizima, sawasawa kila mahali. Juu ameongeza sentimita moja na nusu. Pembeni ameongeza tatu, kwa sababu kichwa kina mbavu mbili na utosi mmoja. Anayemtazama kwa mbele anaona umbo la 18.5 kwa 18, yaani sahani. Mnyoe upya: pembeni zibaki milimita 3, juu zibaki sentimita 3. Umbo linakuwa 20 kwa 15.6, na hakuna shavu lililoguswa. Fundi makini atanikosoa kwamba fupa la shavu na nywele za juu ya sikio haviko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria. Ni ya kukadiria kweli. Hata jicho hukadiria, halitembei na rula.

Hapo ndipo ushauri mwingi unaosambaa kuhusu uso wa duara unapotuacha njiani. Umeandikwa kwa ajili ya nywele zinazolala. Unaambiwa nywele zishuke kidogo kuvuka kidevu, za mbele zilazwe upande mmoja, nyingine ziangukie mashavuni zifunike upana. Nywele za kipilipili haziangukii popote. Zinasimama. Kwa hiyo lile ambalo mwenye nywele za singa analitafuta kwa dawa ya kupuliza na brashi, urefu wa juu, sisi tunalo bila gharama. Ila kinachosimama juu kinasimama na pembeni pia, na huko ndiko mashine inakotakiwa kufanya kazi.

Mfano ulioonwa na watu wengi kuliko yote ni wa Lupita Nyong'o, Mkenya, usiku wa tarehe 2 Machi 2014 alipopokea Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave. Watu walizungumzia gauni la samawati. Mtazame kichwani: nywele fupi, pembeni zimepunguzwa, za juu zimeachwa zisimame, na utepe umepita mbele. Ule utepe una kazi, maana unaonyesha uso unaishia wapi na kimo cha nywele kinaanzia wapi. Mashavu yake yaliyojitokeza yalibaki wazi kabisa, hayakufichwa na unywele hata mmoja.

Flaviana Matata wa Shinyanga ni habari nyingine. Mwaka 2007 alishinda Miss Universe Tanzania akiwa amenyoa upara, akaenda Mexico City na kuingia kumi bora. Tangu hapo upara wa mwanamke ukaacha kuwa jambo la kuulizia msiba. Lakini uso wa Flaviana ni mrefu, kwa hiyo picha yake haimsaidii mwenye uso wa duara anayeipeleka kwa kinyozi. Wa kumtazama ni Alek Wek, mwanamitindo aliyezaliwa Wau, Sudan Kusini ya leo, aliyetokea kwenye jalada la jarida la Elle Novemba 1997. Uso wake ni wa duara, nywele zake ziko karibu na ngozi, na hakuna aliyejaribu kuurefusha. Kwa hiyo kuna njia mbili zenye mantiki: kuongeza kimo juu huku ukipunguza pembeni, au kukata zote zikaribie ngozi na kuuacha uso ujitetee wenyewe. Kinachoharibu ni kile cha katikati, sentimita moja au mbili kila mahali. Bahati mbaya hicho ndicho kinachonyolewa zaidi, kwa sababu ni rahisi na ni cha haraka.

Kipimo hicho cha katikati wasichana wanakijua kuliko wanaume. Wengi wamesoma shule za serikali wakiwa na nywele fupi kwa agizo la shule, urefu mmoja kichwa kizima, na wanamaliza kidato cha nne wakiamini kwamba nywele fupi haziwapendezi. Zinazofuata ni rasta au wigi. Wachache hurudi kwenye mashine kwa hiari. Mmoja wao alikuwa kitini Malangali siku niliyokuwa nasubiri zamu yangu, binti mwenye mashavu ya kutosha na nywele za miezi kadhaa tangu atoke shule.

"Kaka, nitolee haya mashavu," akasema.

"Mashavu sitoi dada, mimi natoa nywele," akajibiwa na kinyozi, kijana mmoja. Saluni nzima ikacheka, na yeye pia.

Kijana yule hakugusa paji la uso kwanza, kama wanavyofanya wengi. Alichana nywele zote kwa chanuo kuelekea juu, akaziacha zitulie. Hilo ni la msingi. Kipilipili kikivutwa hurefuka, kikiachiwa hujikunja, na unywele wa sentimita nne uliovutwa unaweza kusimama chini ya nusu ya hapo. Anayekata zikiwa bado zimenyooshwa na chanuo anampa mteja kimo ambacho hatakuwa nacho kesho asubuhi. Kisha akaweka kitana namba mbili, kinachoacha milimita 6, akapita pande zote mbili na kisogoni, akisimama kwenye ukingo ambapo kichwa kinaanza kupinda kuelekea utosini. Pale aliinua mkono. Hakuufuata mpindo wa kichwa. Aliipeleka mashine juu wima hewani. Kufuata mpindo kunatengeneza duara, kupanda wima kunatengeneza kona. Uso wa duara una mistari michache iliyonyooka, na kona zile mbili za juu ndizo zilizompa binti yule umbo alilotoka nalo.

Baada ya hapo akabadili kuweka namba moja, milimita 3, kuanzia juu ya sikio hadi kama vidole viwili, na kuunganisha milimita 3 na zile 6 kwa kusogeza kishikio cha ubavuni mwa mashine kidogo kidogo. Hiyo ndiyo fedi. Akakataa kushuka hadi sifuri, ingawa ndiyo fasheni. Nilimwelewa. Ngozi ikiachwa wazi juu ya sikio, shavu na ubavu wa kichwa vinaungana kuwa eneo moja pana la ngozi, na shavu linaonekana limepanda hadi kwenye panja. Milimita 3 za weusi zinatosha kuliwekea shavu mpaka. Kwa mwenye uso mwembamba sifuri haina madhara. Kwa mwenye mashavu, namba moja ndiyo sakafu.

Fedi safi inadai umeme usioyumba. Mashine za sumaku, za ukoo ule ambao Leo Wahl wa Illinois, Marekani, aliuombea hataza mwaka 1919, hazina mota inayozunguka. Sumaku huvuta na kuachia wembe kwa kufuata mapigo ya umeme, na kwa umeme wetu wa hezi 50 wembe unakwenda mara 6,000 kwa dakika. Nguvu ikishuka, wembe unaenda njia fupi na kuanza kung'ata nywele badala ya kuzikata, na fedi inatoka na ngazi. Sumbawanga kwa miaka mingi ilitumia umeme unaonunuliwa Zambia badala ya gridi ya taifa, na vinyozi wa mjini hapa wanajua maana ya kuwa mwisho wa laini ndefu. Ubavuni mwa mashine ipo skrubu ndogo: izungushwe mpaka mashine ianze kugonga, kisha irudishwe taratibu mpaka mlio huo unyamaze. Kinyozi asiyeigusa skrubu hiyo atamlaumu mteja kwamba ana nywele ngumu. Siku hizi wengi wana mashine ya chaji pembeni, na kwa kumalizia hiyo ni bora zaidi.

Mbele, kwenye paji, kuna kishawishi. Ukirudisha nyuma mstari wa nywele kwa nusu sentimita, uso unarefuka kwa nusu sentimita. Hesabu inakubali. Kwa siku tatu. Halafu visiki vinaota, paji linakuwa na kivuli, na mteja anarudi kuchongwa tena, kila mara nyuma kidogo zaidi, mpaka panja zinabaki na vipele. Kijana yule alifuata mstari wa asili, akasafisha tu vinyweleo vilivyotoka nje yake, na kona za panja akazichonga zikawa kali. Mstari wa boksi unaokatiza paji kwa ulalo mmoja kama rula haumfai mwenye uso wa duara, maana unasisitiza upana. Kama mteja anataka urembo, akatwe njia upande mmoja, iende kwa mshazari kuelekea nyuma. Mshazari huvuta jicho lipande.

Juu alimwachia kama sentimita mbili na nusu zikiwa zimetulia. Mjini Dar es Salaam ningemwambia aache nne. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni upepo wa Ufipa ni baridi kavu yenye vumbi. Hakuna anayetoka asubuhi bila mzula. Mzula wa sufu ni adui wa mnyoo huu. Unabana nywele za juu, zinalala na kusukumwa pembeni, na mtu akiuvua ofisini saa tatu amebaki na kile alicholipia kiondolewe. Nywele za sentimita mbili na nusu zinarudi wima kwa chanuo na mafuta kidogo. Za nne zinahitaji maji na muda, na maji ya Julai asubuhi huku hakuna anayeyatamani. Wapo wanaofunga kitambaa laini kwanza, mzula juu yake. Inasaidia, maana kitambaa kinapunguza msuguano na hakinyonyi mafuta kama sufu.

Kwa wanaume hesabu ni hiyohiyo, pamoja na ndevu. Sharafa pana zinazoshuka kwa unene mmoja hadi tayani zinaongeza upana pande zote mbili. Zipunguzwe zifikie milimita 3 kama nywele zilizo juu yake. Urefu uachwe kidevuni, ambako unahesabiwa mara moja, tena kwa faida. Zile ndevu za kuzunguka mdomo kama herufi O ndizo nisizoelewa kabisa kwa mwenye uso wa mviringo. Ana duara moja tayari, la pili la nini?

Jambo moja la kujihukumu. Binti yule alipomaliza kupanguswa kwa brashi na spiriti alitoa simu, akajipiga picha kwa umbali wa mkono. Hicho si kipimo. Kamera ikiwa karibu, pua inakuwa kubwa na masikio yanajificha nyuma ya mashavu, kwa hiyo upana halisi wa kichwa hauonekani. Ndiyo maana mtu anajipenda kwenye picha ya peke yake, halafu anajishangaa kwenye picha ya harusi. Asimame mita mbili kutoka kwenye kioo, au ampe mwingine simu arudi nyuma hatua kadhaa.

Nywele hukua kama sentimita moja na robo kwa mwezi. Baada ya wiki mbili zile milimita 3 za pembeni zinakaribia 9 kama ukizivuta, pungufu kidogo zikijikunja, na ongezeko hilo liko pande zote mbili. Juu nako zimeongezeka vilevile, lakini upande mmoja tu. Kwa hiyo umbo linaanza kurudi kwenye duara kabla mwenye kichwa hajaona kwamba nywele zimekua. Ziara ya pili kwa kinyozi iwe ya pembeni peke yake: namba moja juu ya sikio, fedi irudishwe, kona zinyooshwe. Kazi hiyo ni fupi, na inafaa kupatana bei yake mapema, maana si mnyoo mzima. Juu pasiguswe mpaka mwezi uishe.