Herufi Kubwa Katika Maandishi ya Hadharani

Wataalamu wetu wamejadili kwa kirefu istilahi, ngeli na usanifishaji, lakini umbo la herufi ambazo kwazo lugha humfikia raia barabarani halijapewa uzito unaostahili. Takriban kila tangazo la hadharani nchini Kenya, liwe la baraza la mji, la hospitali au la mwenye kiwanja, huandikwa kwa herufi kubwa tupu. Desturi hii imezoeleka mno hata yaonekana kana kwamba ni sehemu ya lugha yenyewe.

Sivyo. Kiswahili kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo hazina herufi kubwa wala ndogo. Mwandishi aliyetaka kutilia neno mkazo alinenepesha kalamu, alirefusha mkato wa herufi, au alichovya wino mwekundu. Mwandiko wa msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra (1107), una fahari isiyohitaji tofauti hiyo hata kidogo. Herufi kubwa za kuchongwa ni mila ya Kirumi. Pwani yetu twaiona juu ya lango la Fort Jesus, Mombasa, katika mwandiko wa Kireno unaotaja mwaka 1635 na kumsifu kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira. Ni mila ya mshindi anayelitangaza jina lake juu ya jiwe, na jiwe hilo halikukusudiwa kusomwa kwa haraka.

Tangazo la leo lakusudiwa kusomwa kwa haraka. Tutazame mfano wa aina inayopatikana kila mji: WATAKAOPATIKANA WAKITUPA TAKATAKA HAPA WATACHUKULIWA HATUA ZA KISHERIA. Neno la kwanza pekee lina herufi 15, na sita kati yake ni A. Si ajabu, kwa kuwa silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, na viambishi hupangana mbele ya mzizi kama shanga. Likiandikwa kwa herufi ndogo, t na k hupanda, p hushuka, na jicho hupata mahali pa kushika. Likiandikwa kwa herufi kubwa, herufi zote zalingana kimo na neno lageuka ukuta.

Hata hivyo tusikimbilie hukumu. Mwaka 1928 Miles Tinker na Donald Paterson walionyesha huko Marekani kwamba matini ya herufi kubwa tupu husomwa polepole zaidi, kwa kadiri inayozidi asilimia kumi. Maelezo yaliyozoeleka, kwamba msomaji hulitambua neno kwa umbo lake la jumla, siku hizi yanatiliwa shaka: wengi huona kwamba twatambua herufi zenyewe, na kwamba mazoea ndiyo yanayoongeza kasi. Tena Uingereza ilipotengeneza upya alama za barabara, herufi kubwa za David Kindersley zilipata matokeo bora kidogo katika majaribio kuliko herufi mchanganyiko za Jock Kinneir na Margaret Calvert. Zilizochaguliwa ni za Kinneir na Calvert, nazo zikaanza kutumika rasmi mwaka 1965. Kwa jina moja la mji linaloonekana kwa mbali, basi, herufi kubwa hazina hatia. HATARI juu ya mlingoti wa stima yatosha. Hata MBWA KALI, ambayo imewakera walimu wengi kwa kukosa kiambishi cha m-, haina kosa la hati: ni maneno mawili mafupi, na mpita njia huelewa kabla mbwa hajatokea.

Lakini ikiwa mazoea ndiyo siri, tumfikirie aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la ngumbaru. Kurasa alizozizoea, kama zilivyo kurasa za vitabu vyote, zina herufi ndogo kwa sehemu kubwa. Akifika mlangoni pa zahanati akutana na mistari minane ya herufi kubwa kuhusu saa za chanjo. Mwenye shahada hupoteza nukta chache. Yeye huenda akaacha kusoma akamwuliza bawabu, na bawabu akamjibu apendavyo.

Kuna hasara nyingine iliyo ya Kiswahili hasa. Majina yetu mengi ya watu ni nomino za kawaida: Amani, Baraka, Neema, Subira, Juma. Katika maandishi ya kawaida herufi kubwa ya kwanza ndiyo hutofautisha Amani na amani. Atakayetetea vichwa vya habari vya herufi kubwa atasema kwamba upatanisho wa kisarufi watulinda: NEEMA AFIKA LAMU ni mtu, NEEMA YAFIKA LAMU ni heri. Ni kweli, na hoja hiyo ni nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwani hata shamirishi hulindwa: WAMSUBIRI AMANI si WASUBIRI AMANI. Lakini ulinzi huo hukoma mbele ya vihusishi. MKUTANO WAMALIZIKA BILA AMANI: je, watu waligombana, au Bwana Amani hakuhudhuria? Sarufi haina jibu; hati ndiyo iliyokuwa nalo, nayo imenyamazishwa. Ritifaa nayo huangamia vivyo hivyo. Katika NG'OMBE hubanwa kati ya herufi zinazolingana nayo kwa kimo, na mchoraji aghalabu huiacha, hata tukapata NGOMBE, neno lisilo na maana.

Linalotusikitisha zaidi ni daraja za usemi. Kiswahili kina ngazi za kukataza: mnaombwa msipite, tafadhali usipite, hairuhusiwi kupita, ni marufuku kupita. Mwandishi mwema huchagua ngazi kwa kadiri ya jambo. Herufi kubwa huzitoa zote kwa sauti moja, ya amri, na ombi la msikiti kuhusu viatu hufanana na onyo la kambi ya jeshi. Idara ya utabiri wa hali ya hewa ya Marekani, iliyorithi herufi kubwa kutoka mitambo ya zamani ya simu za maandishi, ilianza kuziacha tarehe 11 Mei 2016, na ikazihifadhi kwa ajili ya kukazia hatari kubwa tu. Mchoraji wetu wa mabango hana mtambo unaomlazimisha. Brashi aliyo nayo yaweza kuchora a ndogo kwa rangi ileile na kwa nafasi ndogo zaidi ubaoni.