Sifa za Waashi wa China ya Kale

Mwashi hodari hujua nguvu za jiwe, na hujua vilevile udhaifu wake. Jiwe hustahimili kugandamizwa na uzito mkubwa, lakini ukilipinda huvunjika. Mafundi waliojenga madaraja ya mawe ya China ya kale waliielewa tabia hiyo, wakaifuata kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni boriti: mawe marefu hulazwa kutoka nguzo hadi nguzo. Kwa kuwa boriti ya jiwe ikirefuka mno hukatika, nguzo hazina budi kukaribiana. Ndivyo lilivyojengwa daraja la Luoyang huko Quanzhou, mkoani Fujian, kati ya mwaka 1053 na 1059, chini ya mtawala wa eneo hilo, Cai Xiang. Hapo mto hukutana na bahari, na maji hujaa na kupwa kila siku. Mafundi walimwaga mawe kutoka ukingo hadi ukingo yakawa msingi mpana, na nguzo wakazichonga ncha kama omo ya chombo ili zipasue mkondo. Kisha wakapandikiza chaza. Chaza wakazaana, magamba yao yakaganda kwenye mawe na kuyashikamanisha.

Njia ya pili ni tao. Humo kila jiwe hulisukuma jirani yake, hadi uzito wote ufike ukingoni bila jiwe lolote kupindwa. Mkoani Hebei, yapata mwaka 605, Li Chun alikamilisha daraja la Zhaozhou. Tao la nusu duara lingekuwa refu kwenda juu, na mikokoteni ingepanda mlima. Yeye alichukua kipande tu cha duara: upana wa mita 37 hivi, kimo kama mita 7. Alipanga safu 28 za mawe ubavu kwa ubavu, ili moja ikiharibika itengenezwe bila kubomoa nyingine. Juu ya mabega ya tao akaacha matao madogo manne, mawili kila upande. Yanapunguza uzito, na mafuriko yakija yanapitisha maji.

Fundi mwenye wasiwasi huongeza mawe. Li Chun aliyapunguza, na daraja likazidi kuwa imara. Madaraja haya yamekarabatiwa mara kadhaa, lakini la Zhaozhou lingali limesimama baada ya zaidi ya miaka 1,400. Anayejifunza ujenzi leo na aanze hapo: ajue kwanza kile ambacho jiwe haliwezi.