Makao ya Wanyama Katika Michezo ya Watoto Wadogo

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa tumezoea kutaja ngoma, ushairi, uchongaji na mavazi. Michezo ya watoto ambao hawajaingia darasa la kwanza hutajwa kwa nadra, na ikitajwa husemwa kuwa ni njia ya kuwapitishia watoto wakati. Sisi tunaona kwamba michezo hiyo ni kazi za sanaa zenye umbo, kanuni na maana, nazo zastahili kuhakikiwa kama zinavyohakikiwa kazi nyinginezo. Katika makala haya tutatazama jambo moja tu: namna michezo inavyomfundisha mtoto mdogo habari za wanyama na mahali wanapoishi.

Tuanze na darasa lenyewe. Aghalabu ukiingia katika darasa la awali, mjini au kijijini, utakuta ukutani picha kubwa iliyogawanywa katika vyumba vya mraba. Katika kila chumba amesimama mnyama mmoja: tembo, kuku, samaki, nyuki. Wote wamelingana ukubwa, na nyuma yao hamna kitu ila weupe wa karatasi. Mwalimu hunyoosha kijiti, watoto huitikia jina. Zoezi hilo lina faida yake, kwani jina ni mlango wa maarifa, na mtoto wa Kariakoo hana njia rahisi ya kumwona tembo. Lakini jina likishapatikana, mlango hufungwa. Samaki hana maji, nyuki hana mzinga, tembo hana mbuga. Mtoto hujifunza kwamba mnyama aweza kuishi mahali pasipo mahali. Hali ni hiyo hiyo kwa wanyama wa plastiki wauzwao madukani, ambao simba wetu, chui milia wa Asia na dubu mweupe wa nchi za barafu hutiwa katika mfuko mmoja. Hatusemi kwamba mtoto wa Tanzania asimjue dubu. Elimu haina mpaka. Tunasema amjue dubu pamoja na barafu yake, na simba pamoja na nyasi zake.

Sasa tuitazame michezo ambayo watoto wenyewe huicheza. Wa kwanza ni mchezo wa nyama, unaojulikana sana Afrika ya Mashariki. Kiongozi hutaja wanyama mmoja baada ya mwingine. Akitajwa anayeliwa, watoto huruka na kuitikia. Akitajwa asiyeliwa, anayeruka hutolewa. Ni mchezo mzuri kwa kufunza sikio na wepesi wa akili. Lakini katika kufundisha habari za wanyama una kasoro mbili. Kwanza, huwagawa viumbe wote mafungu mawili, wa chunguni na wasio wa chunguni. Pili, hukumu ya chakula haifanani nchini. Panya wa porini ni kitoweo kwa baadhi ya watu wa kusini. Nguruwe ni haramu kwa Mwislamu, naye jirani yake hula. Mtoto anayetolewa mchezoni kwa kuruka pale ambapo watu wa kwao wangeruka, ameambiwa mbele ya wenzake kwamba nyumbani kwao mna walakini. Hilo si jambo dogo katika taifa lenye makabila zaidi ya 120. Dawa yake ni nyepesi: swali libadilishwe. Kiongozi na aulize nani anaishi majini, nani mtini, nani chini ya ardhi. Kuruka kutabaki kule kule, na hapana atakayeaibishwa kwa mapishi ya mama yake.

Mchezo wa mwewe na vifaranga ni bora zaidi. Mtoto mmoja huwa mama kuku, wengine humfuata nyuma wameshikana viuno, na mwewe hujaribu kumnyakua wa mwisho. Hapa mnyama hana jina tu, bali ana tabia: kuku hutanua mbawa, vifaranga hujificha nyuma yake, mwewe huzunguka akitafuta upenyo. Aliyewahi kuwa kifaranga wa mwisho ameonja hofu ya kifaranga. Upungufu wake ni kwamba ua wenyewe haumo mchezoni. Hakuna kichaka cha kukimbilia wala banda. Tena mwewe amefanywa mwizi tu, ilhali mwewe halisi hula pia panya na mizoga, na hivyo ana kazi yake mtaani.

Mchezo tunaouweka juu ya yote ni wa paka na panya. Watoto hushikana mikono wakafanya duara. Panya yumo ndani, paka yuko nje. Panya akitaka kupita, mikono huinuliwa. Paka akitaka kupita, mikono hushushwa. Mhakiki na aangalie vizuri ni nani anayeuamua mchezo huu. Hata paka akiwa na mbio kuliko wenzake wote, panya huokoka, kwa sababu duara ni tundu lake. Watoto walio wengi hawakupewa kuwa paka wala panya. Wamepewa kuwa makao, na makao yana nguvu kuliko wote wawili. Ni vigumu kumweleza mtoto wa miaka mitano jambo hili kwa maneno. Mikono yake mwenyewe humweleza.

Mchezo huo wapanuka bila shida. Panya na awe mbega, paka awe chui, na duara liwe msitu. Mbega hushuka chini kwa nadra. Maisha yake yako juu ya miti. Baada ya kila mzunguko mwalimu amwite mtoto mmoja akae chini: mti umekatwa. Waliobaki wasiruhusiwe kusogeleana. Duara litapata mapengo, na chui, ambaye hakuongezewa mbio hata kidogo, atamkamata mbega. Kisha waliokaa wainuke mmoja mmoja, na msitu ufungike tena.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya watu wazima. Basi tukumbuke yaliyotokea kwenye korongo la Kihansi, katika Milima ya Udzungwa. Mwaka 1996 aligunduliwa huko chura mdogo wa rangi ya manjano, ambaye hatagi mayai bali huzaa vichura vilivyokamilika. Makao yake yalikuwa kipande kidogo cha ardhi kilicholowa manyunyu ya maporomoko ya maji. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji mengi yakageuzwa njia na manyunyu yakapungua. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani, na mabomba ya kunyunyiza maji yakawekwa korongoni. Hata hivyo vyura waliobaki waliangamia, maradhi ya kuvu nayo yakiwa yamewaandama, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Mwaka 2012 ndipo walipoanza kurudishwa. Umeme ulihitajika, na hatuwalaumu walioujenga mtambo. Twasema tu kwamba hakuna aliyemgusa chura huyo kwa rungu wala mtego. Kilichoguswa ni unyevu wa mahali pake.

Wala wazo hili si geni kwetu. Mwezi Septemba 1961, kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko huko Arusha juu ya wanyama pori, na ndani yake aliwataja wanyama pamoja na mahali wanapoishi, kwa pumzi moja. Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016 nao uliweka kutunza mazingira miongoni mwa umahiri wa mtoto. Nia ilikuwapo, kilichopungua ni michezo ya kuibeba.

Lugha yetu, kwa upande wake, imejiweka tayari. Kiswahili hakisemi nyumba kwa kila kiumbe. Ndege ana kiota, nyuki ana mzinga, mchwa ana kichuguu, panya ana tundu, ng'ombe ana zizi, kuku ana banda. Kila neno hapo ni somo zima la maumbile. Mtoto asemaye "nyumba ya ndege" na "nyumba ya nyuki" amepoteza msamiati na maarifa kwa mara moja. Watoto wa wafugaji wafinyangao ng'ombe wa udongo huwajengea na zizi la vijiti au mawe; hao hawahitaji kufundishwa neno zizi.

Twajua kwamba walimu wengi wana watoto wengi kupita kiasi na uwanja mdogo. Lakini duara halinunuliwi, na udongo haulipiwi. Tungependa maofisa utamaduni wa wilaya wakusanye michezo ya wanyama inayochezwa katika maeneo yao, pamoja na kanuni zake, na kila mchezo uulizwe maswali matatu: Je, mnyama ana tabia, au ana jina tu? Je, makao yake yamo mchezoni? Je, kila mtoto, wa dini na kabila lolote, aweza kuucheza bila kuaibishwa? Utakaopungua na urekebishwe kama mshairi arekebishavyo ubeti wenye mizani pungufu, kisha urudishwe kwa watoto.