Tope Lilikuwa Mezani, Fryer Akaanza na Samaki

Geoffrey Fryer, bingwa wa samaki wa Afrika, alikosea, tena mwanzoni kabisa. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walionyesha, kwa tope la chini ya ziwa, kwamba Ziwa Victoria lilikauka kabla ya miaka 12,400 iliyopita kwa hesabu ya kaboni. Mwaka uliofuata Fryer akajibu kwa samaki: mamia ya spishi za furu hazingeweza kuzaliwa kwa muda mfupi hivyo, kwa hiyo ziwa halikukauka lote.

Hiyo "kwa hiyo" ndiyo iliyoharibu. Kasi ya furu kugawanyika ndiyo iliyokuwa swali, yeye akaigeuza rula ya kupimia tope. Na tope lilikuwa mezani: tabaka gumu lenye maji kidogo, vijizizi vilivyosimama wima, chavua ya mimea ya kinamasi. Mimea ya kinamasi haioti chini ya mita 60 za maji. Kama alishuku vijizizi, angevishambulia vijizizi kwanza. Furu wangesubiri zamu yao. Nimelisema kila mjadala wa delta za kale unapozuka, na nitalirudia: chembe kwanza, kiumbe hai baadaye.

Sisi wa Busia hatuna kisingizio cha kumfuata. Mto Nzoia ukishafurika na kurudi, chukua tope la Bunyala ulitafune kidogo: mchanga laini unakwaruza meno, udongo wa mfinyanzi unateleza tu. Ndivyo mto unavyojitambulisha pale unapokutana na ziwa. Sasa liondoe ziwa. Mito ya Sio na Nzoia ilimwaga wapi? Delta inayogusa maji ya leo ni kazi ya ziwa lililorudi. Swali hilo la mito Fryer alipaswa kulipa uzito.

Robert Kendall alikuwa mtu wa aina nyingine. Kwa tope la Pilkington Bay, upande wa Uganda, alisema mwaka 1969 kwamba kabla ya takriban miaka ya kaboni 12,500 iliyopita ziwa halikuwa na mlango wa kutokea maji. Akaishia pale tope lake lilipoishia.

Johnson na mwenzake Stager walilazimika kurudi mwaka 2008 kutetea tabaka lisilo na kosa. Mwaka 2017 jeni zikaonyesha kwamba furu wametokana na koo mbili zilizochanganyika kabla ya ziwa kujaa, na kasi iliyomsumbua Fryer ikapata maelezo bila kugusa tope hata kidogo.